Shanta Mgongoni Hadi Wasini: Mbona Wenyewe Hatwendi?

Mtu akisimama kivukoni Likoni asubuhi ya Jumamosi, hasa msimu wa kaskazi, hatawakosa. Wameshuka feri pamoja na wachuuzi na wafanyakazi, pua zimewaiva kwa jua, na kila mmoja amebeba shanta mgongoni kubwa kama furushi la dobi. Wanauliza matatu ya Ukunda, wengine ya Lunga Lunga. Ukiwauliza waendako, watakutajia Shimoni, na Wasini, na Kisite. Wamepata habari kwamba huko watu kumi au kumi na watano huchanga pesa, wakapanda mashua moja, wakazunguka kisiwa kwa kisiwa tangu asubuhi hadi alasiri, wakaona pomboo wakicheza, wakachovya vichwa majini kutazama samaki wa rangi kwenye matumbawe, kisha wakateremshwa Wasini kula samaki na wali wa nazi. Jioni hurudi wameiva zaidi, na furaha tele.

Wageni hawa sina neno nao. Pesa wanazochanga ni zao, adabu za wengi wao ni nzuri, na kama mmoja katika kumi hajui kujisitiri apitapo mbele ya msikiti, basi hata sisi tunao wa namna hiyo. Neno langu liko kwetu wenyewe. Nimeishi Likoni miaka mingi, nina jamaa Kisauni na marafiki Changamwe, na kwa muda sasa nimefanya mazoea ya kuwauliza vijana, na hata watu wazima: umepata kufika Wasini? Jawabu ni lile lile. Hapana. Funzi je? Hapana. Lamu? Labda mmoja, tena kwa basi, wakati wa Maulidi. Na ukimwuliza sababu, hasemi kwamba hana pesa, ingawa pesa kweli hana. Husema, "Ah, hiyo ni safari ya Wazungu."

Hapo ndipo ninapotaka tukae kitako leo, msomaji. Ni lini kupanda chombo na kwenda visiwani kulipokuwa jambo la Wazungu? Nani aliwauzia, na kwa bei gani?

Mmoja katika watu wa kale waliotuachia habari za Mombasa alikuwa msafiri wa shanta kwelikweli. Ibn Battuta wa Tangier alifika hapa mwaka 1331, kijana asiyetimiza hata miaka thelathini, akishuka na pepo za kaskazi kutoka Mogadishu kwenda Kilwa. Alilala usiku mmoja tu. Hata hivyo aliona ya kutosha: ndizi na malimau, watu wa madhehebu ya Shafi, misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri, na mlangoni mwa kila msikiti kisima kifupi ambapo mtu huosha miguu kabla ya kuingia. Hakuwa na hoteli, wala dalali wa kumpokea bandarini. Alipanda chombo cha wenyeji, akala walichokula, akaswali pamoja nao. Leo kijana wa Ulaya akifanya hivyo twasema ni mambo ya kigeni yaliyoletwa na ndege!

Na adabu ya safari ya kundi tumefundishwa zamani chuoni, kabla hatujajua kuandika majina yetu sawasawa. Watatu wakisafiri, na wamteue mmoja wao awe amiri. Chakula hukusanywa pamoja. Msafiri hupunguziwa swala. Chombo hupandwa kwa jina la Mwenyezi Mungu, kama alivyopanda Nabii Nuhu. Dini iliyowapangia wasafiri mambo yao kiasi hiki haikuwa dini ya watu wa kukaa barazani tu.

Tena sisi wa bara ya Mombasa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, tulikuwa watu wa vyombo kwa lazima. Kisiwa kiko kati, sisi tuko pembeni, na baina yetu ni maji. Changamwe walipata njia ya magari ya Makupa mwaka 1929. Kisauni na Nyali walipata daraja la kuelea mwaka 1931, na hilo daraja kubwa tulionalo leo mwaka 1980. Tangu hapo mtu wa Kisauni aweza kuzaliwa, akasoma, akaoa na akazikwa bila ya kukanyaga ubao wa mashua. Waliobaki na maji ni sisi wa Likoni, na feri yetu iliyoanza mwaka 1937. Lakini feri, Mungu aniwie radhi, si chombo cha kumfundisha mtu bahari. Ni baraza la chuma linalotembea. Unaingia umesongwa, unatoka umesongwa, macho yako kwenye mfuko usije ukachomolewa pesa, na bahari hukuiona.

Msimu wa kaskazi uliopita tuliamua kujaribu. Tulikuwa watu kumi na wanne: mume na mke wa Likoni na binti yao, walimu wawili wa Kisauni, vijana sita wa Changamwe wanaofanya kazi za kutwa bandarini na kwenye maghala, mama mmoja mjane na nduguye, nami mwandishi. Huyo nduguye mama mjane alikuwa kuli wa bandari hadi alipostaafu, naye ndiye tuliyemfanya amiri, kwa sababu alikuwa mkubwa kuliko sote na ana sauti. Kila mmoja alichukua shanta, au mfuko uliotiwa kamba ukageuka shanta, ndani yake kikoi au leso, msala, nguo ya kubadilisha na tende. Tulichanga kwa majuma sita, kidogo kidogo, kama watu wachangavyo mchezo.

Kutoka Likoni hadi Shimoni ni kilomita kama 75. Njiani mlikuwa na mabishano marefu kama masafa hayo yatosha mtu kupunguza swala au hayatoshi, na nafurahi kusema kwamba mpaka tunapita Msambweni hakuna aliyemshinda mwenziwe. Tukapita Ramisi, palipokuwa na kiwanda cha sukari kilichofungwa mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha tukaiacha barabara kuu, tukashika njia ya kuelekea baharini.

Gatini Shimoni alitupokea dalali. Alitutazama shanta zetu, akatupigia hesabu kwa dola. Amiri wetu akamwuliza kwa Kiswahili cha bandarini kama dola hizo atazipokea kwa mkono wa kulia au wa kushoto. Wote wakacheka, naye pia, na bei ikashuka mpaka pale ilipostahili kuwa tangu mwanzo. Msomaji asidhani namlaumu sana. Katika maisha yake ya kazi ameona makundi mangapi ya watu wa Likoni yakija kutembea? Huenda tulikuwa sisi wa kwanza. Mzee mmoja alidhani tumetumwa na serikali kuhesabu watu.

Mashua ilikuwa na nafasi mbili zaidi, nasi tukawapa Wajerumani wawili, kijana na mchumba wake, waliokuwa wakitafuta kundi la kuingia. Tuliondoka na maji yakianza kupwa. Nahodha, mtu wa Mkwiro, alipomwambia kijana mmoja wa Changamwe aende akae tezi, kijana alikwenda akakaa omo. Wenzake walicheka, nao hawakujua zaidi yake. Fikiri! Kwao Changamwe ukipanda ghorofa unaziona meli za Kilindini zimepanga mstari, na mkate wa nyumba yao watoka kwenye meli hizo, lakini hakuna aliyemwambia kwamba chombo kina mbele na nyuma zenye majina. Nahodha hakucheka. Alituonyesha kimoja kimoja: huu mlingoti, hii foromali, hii demani, huku joshini. Kisha akasema neno lililonichoma. Wanawe wawili ni mabaharia wa boti za watalii, kazi wanaifanya vizuri, lakini tanga hawalijui. Wanajua injini. Petroli ikiisha, alisema, watakaa wangoje waje kuvutwa.

Jambo la pili lililonichoma lilitoka kwa yule mchumba wa Kijerumani. Tulipovipita visiwa viwili vyenye msitu, alifungua kitabu chake akatuuliza, kwa Kiswahili cha kuokoteza, kipi ni Mpunguti ya Juu na kipi ni Mpunguti ya Chini. Watu kumi na wanne wa pwani hii walimtazama nahodha. Mmoja wa wale walimu, ambaye husomesha jiografia, aliniambia baadaye kwamba kwenye ramani ya darasani kwake visiwa hivi ni vidoa tu visivyo na majina. Basi mtoto wa Kisauni anakariri milima ya Alps na mito ya Marekani, na Mpunguti anakuja kutajiwa na binti wa Ujerumani, tena kwa kusomewa kitabuni.

Ama uzuri wa mahali penyewe, kalamu yangu haiutoshi na sitajaribu sana. Kisite ni kijisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe, na maji yakipwa hutokeza fungu la mchanga jeupe ambalo saa chache baadaye halipo. Maji yake wakati wa kaskazi ni safi hata waona kivuli cha mashua chini kwenye mwamba. Pomboo tuliwaona kundi zima, wakija ubavuni mwa chombo kama watoto wanaosindikiza arusi. Kasa mmoja aliinua kichwa, akatutazama, akaona hatuna maana, akazama.

Lakini picha niliyorudi nayo ni ya yule mke wa Likoni. Mwanamke mtu mzima, aliyevuka feri maelfu ya mara, na hajapata kuingia maji yakamfika juu ya magoti. Akateremka ngazi na mavazi yake ya stara, jaketi la kuokolea juu yake, miwani ya kuzamia usoni, mume akimshika mkono mmoja na baharia mwingine. Akasoma alichosoma, akatia uso majini. Tulisikia ukelele. Tukadhani ameumwa na kitu! Kumbe ni samaki: wa manjano, wa buluu, wenye milia, wanapita chini ya kifua chake kana kwamba yeye hayupo. Alipoitwa kupanda alikataa. Alipoitwa mara ya pili alisema, "Niacheni, mimi nimeishi nje ya mlango wa nyumba hii miaka arubaini." Hakuna aliyemwita mara ya tatu.

Adhuhuri tuliteremka Wasini. Kisiwa hiki hakina gari hata moja, na maji ya kunywa tangu enzi yalikuwa ya mvua, yaliyokingwa na kuwekwa birikani, kwa hiyo mgeni mwenye akili hutawadha kwa kopo na si kwa ndoo. Kuna makaburi ya kale ya mawe, na kuna habari ya Vumba, dola iliyokuwa na madiwani wake waliotawala pwani hii ya kusini na waliopigiwa siwa kama wakuu wa Pate na Lamu. Mwingereza mmoja, Hollis, aliziandika habari hizo na kuzichapisha mwaka 1900. Wanawake wa kijiji wamejenga njia ya mbao inayopita juu ya mikoko na bustani ya mawe ya matumbawe, ambayo maji huijaza na kuiacha kila siku, na ada ya kupita humo ni mali ya kikundi chao. Tulilipa kwa moyo mweupe. Wanaume tuliswali msikitini, wanawake wakaswalia katika nyumba ya wenyeji waliotupikia, na baada ya chakula tukakaa kusikiliza maneno. Wasini husema Kivumba. Ng'ambo Shimoni na kule Mkwiro husema Chifundi, na jina lenyewe latosha kukuonyesha, kwa maana pale sisi tunaposema "ki" wao husema "chi". Vijana wa Changamwe, ambao nusu ya maneno yao ni ya mitaani siku hizi, walipigwa na bumbuwazi kusikia Kiswahili ambacho si cha redio wala si cha mitaani, na hakimwombi mtu ruhusa.

Kesho yake, kabla ya kurudi, tuliingia mapango ya Shimoni, ambayo wenyeji husimulia kwamba watumwa walifungiwa humo wakingoja vyombo. Sitaki kupita hapa mbio. Wale walimu wa Kisauni kila siku hushuka matatu Kengeleni. Kengele iliyopo pale ni ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Basi habari moja ina ncha mbili: ncha moja Shimoni chini ya mwamba, ncha ya pili Kengeleni penye kituo cha matatu. Mwalimu mmoja alisimama mle gizani muda mrefu akishika pete ya chuma iliyopigiliwa ukutani. Alisema ataleta darasa lake. Kama atapewa ruhusa, na kama basi litapatikana, hayo ni mambo mengine, na wakuu wa shule wenye kusoma ukurasa huu wanajua ninachowaambia.

Sasa nije kwenye pesa, maana uzuri peke yake haujazi chungu. Sehemu ya bahari ya Kisite, kilomita 28 za mraba, ilifanywa hifadhi miaka ya 1970, na humo uvuvi ni marufuku. Katika eneo la Mpunguti lililo pembeni yake, kilomita 11 za mraba, huruhusiwa uvuvi wa kienyeji tu. Maana yake ni kwamba wavuvi wa Wasini na Mkwiro waliambiwa waache maji ya babu zao ili samaki wapate kupumua, na badala yake watakula kwa wageni. Mapatano hayo yana shida yake, nayo tumeiona kwa macho. Agosti 1997 ghasia zilipozuka hapa kwetu Likoni, mahoteli yakawa matupu kusini na kaskazini. Mei 2014 Uingereza ilitoa onyo, ikawaambia raia wake wasije kisiwani Mombasa wala katika ukanda wa kilomita 5 wa pwani kutoka Mtwapa hadi Tiwi. Mamia wakapakiwa ndegeni kabla likizo zao hazijaisha. Shimoni na Wasini hazikuwamo katika onyo lile, lakini nani atapita Likoni aliyokatazwa ili afike Wasini asiyokatazwa? Mwaka 2020 maradhi ya korona yakazifunga hata ndege zenyewe. Kila mara hali ni ile ile: karatasi imeandikwa mji wa mbali, na mashua ya mtu wa Mkwiro inalala mchangani inapasuka kwa jua.

Lakini mtu wa Likoni hakatazwi na mtu kwenda Shimoni. Hana haja ya cheti wala ndege. Lau katika kila mitaa yetu, kutoka Mtongwe hadi Bamburi, kungekuwa na vikundi viwili vitatu vya kuchanga na kwenda mara moja kwa mwaka, nahodha yule angekuwa na wateja wasioogopeshwa na gazeti la London. Pesa zao ni chache, nakubali. Ni chache na hazikimbii.

Najua pingamizi zitakazoletwa, nyingine zimekwisha kuletwa barazani kwangu. Ya kwanza ni kwamba bahari inaua, na anayelisema hili Likoni ana haki ya kusikilizwa. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka karibu na ufuo, asubuhi, watu wakienda kazini, na watu 272 wakafa. Ziko nyumba katika mtaa wetu ambazo tangu siku ile mtoto haruhusiwi hata kucheza ufuoni. Siwezi kumwambia mama wa nyumba hiyo kwamba amekosea. Nitamwambia tu lile nililoliona: feri ile ilizama hatua chache kutoka nchi kavu, na watu wazima wengi wa bara hii mpaka leo hawajui kuogelea hata hatua hizo chache. Hofu imetufanya tuwaweke watoto mbali na maji, na wao kila asubuhi wanavuka maji. Mtoto aliyetiwa baharini na jaketi, mkononi mwa babake, siku ya utulivu, ndiye atakayejua la kufanya siku isiyo ya utulivu. Chombo kisicho na majaketi ya kutosha watu wote kisipandwe, hata kama nahodha ni mjomba wako. Sisi chombo cha kwanza tulichoonyeshwa kilikuwa na majaketi tisa kwa watu kumi na sita. Mwenyewe akatuambia watoto na wanawake wavae, wanaume Mungu atawalinda. Tukamshukuru, tukatafuta kingine.

Pingamizi ya pili ni ya wazee wa msikitini: vijana wa kike na wa kiume katika chombo kimoja, nguo zilizolowa, swala zinapotea. Nami nakubaliana nao zaidi kuliko wanavyodhani. Nimeona makundi yaliyotoka mjini na ngoma za kupasua masikio, na mambo mengine ambayo si ya kutajwa katika ukurasa huu, yakapita katikati ya Wasini wakati wa adhana. Lakini dawa yake si kuwaachia hao peke yao bahari. Nendeni kwa jamaa, mume na mke na wana. Kina mama wenye vyama vyao vya mchezo wa kuzungushana pesa waende siku yao, wanawake watupu, na mashua wakodi nzima. Walimu wa madrasa wawachukue wanafunzi wao wakati wa likizo. Mtoto akiona nyota usiku Wasini, pasipo taa za Kilindini, hatahitaji tena kuelezwa kibla ilitafutwaje na mabaharia wa zamani.

Ya tatu ni gharama, nayo haina ujanja ila kuchanga mapema. Ada ya hifadhi kwa raia ni ndogo mno kuliko ya mgeni wa kutoka nje. Chukueni vitambulisho, na ulizeni bei iliyotangazwa, msiulize ya mtu wa njiani. Mashua ikodiwe na kundi zima, kwa mapatano ya mahali pa kwenda na saa ya kurudi, na chakula kisemwe kabla: ni samaki wangapi, na maji ya kunywa ni ya nani.

Wakati ni baina ya Novemba na Machi, kaskazi ikiwa imetulia. Kusi ikivuma, Juni na Julai, bahari huchafuka na maji hayaoneki kitu, ingawa wakati huo nyangumi hupita na wenye matumbo magumu huenda kuwatazama. Msichague siku kwa kalenda ya ukutani peke yake. Tazameni mwezi, ule ule tunaouandamia Ramadhani. Ukiandama, na ukiwa mpevu, bamvua lipo: maji hupwa sana katikati ya asubuhi, fungu la mchanga la Kisite huonekana lote, lakini kushuka Wasini mtatembea topeni na viatu mkononi. Mwenye wazee katika kundi lake na angoje maji mafu, mwezi ukiwa nusu.

Kundi letu limekwisha anza kuchanga kwa safari ya pili. Mara hii ni Funzi, kupita mikoko ya mto Ramisi, na kulala usiku mmoja. Amiri ni yule yule. Mke wa Likoni ameandikisha dada zake wawili, na kijana wa tezi na omo anakwenda Jumapili kwa fundi mmoja wa madau huko Mtongwe kujifunza kushona tanga. Nafasi ni kumi na sita, na hadi ninapoandika haya zimebaki tatu.